Kati ya Bendera Mbili

Kwenye barabara yetu bendera inakukamata mara mbili. Unatoka upande wa mto na mzigo wako kichwani, unafika tu karibu na lango letu, wimbo wa Taifa unaanza, na wewe unasimama papo hapo ulipo, kwa sababu kwetu bendera ikipanda hakuna anayetembea. Mama mwenye beseni anasimama na beseni lake. Mwenye toleka, baiskeli ya kubeba abiria, anaweka mguu mmoja chini, na abiria wake anabaki amekaa nyuma, macho mbele, kama wanapigwa picha. Bendera inafika juu, wimbo unaisha, watu wanapumua, wanapiga hatua mbili tatu. Halafu ng'ambo ya barabara wimbo uleule unaanza upya.

Maana shule ni mbili na zinatazamana. Yetu ni ya Serikali, tunaiita officielle. Ile ya ng'ambo ni ya masista. Inaitwa conventionnée, yaani kanisa ndilo linaloiongoza na Serikali ndiyo inayowalipa walimu wake. Masista husubiri sisi tumalize, ndipo waanze wao. Wanasema ni heshima. Mimi nimeamini siku zote kwamba wanataka tusikie jinsi wimbo ule unavyotakiwa kuimbwa. Ukiisha wa kwao, sista mkuu anafunga lango kwa mkono wake mwenyewe, na mtoto aliyebaki nje anarudi nyumbani kumweleza mama yake.

Mimi nafundisha upande wa Serikali, darasa la nne. Binti yangu alikuwa anasoma upande wa masista. Unataka kucheka? Cheka. Walimu wenzangu walicheka kabla yako, na nusu yao watoto wao walikuwa kulekule. Waswahili husema mfinyanzi hulia gaeni. Mimi nilikuwa mfinyanzi anayekula kwenye sahani ya jirani, tena kila asubuhi, mbele ya watu.

Aliyemwingiza kule ni baba yake. Mume wangu ni fundi wa baiskeli, mtu wa Maniema, Mwislamu asiye na makuu lakini mwenye mdomo. Siku ya kumwandikisha, sista aliuliza kama mtoto amebatizwa. Mume wangu akasema, “Ma soeur, balimu benu banalipwa na Serikali. Serikali haiulizaka mutu kama alibatizwa.” Nilitaka ardhi inimeze. Sista akamtazama, akacheka, akamwandika. Kwa hiyo sitaki kusikia mtu akisema masista wana roho mbaya. Mambo yangekuwa rahisi zaidi kwangu kama wangekuwa nayo.

Watu wa nje huja wakauliza kwa nini shule moja ni nzuri na nyingine si nzuri, wakati walimu wanalipwa na mkono mmoja, na tangu shule ya msingi iwe ya bure hakuna upande unaodai karo. Wanatazama miti ya masista iliyopakwa chokaa, kisha wanatazama bati letu lililotoboka, wanatikisa kichwa. Ningewajibu, kama wangekaa kusikiliza. Ni kweli, kule mwalimu akikosa siku moja, sista anapiga hodi kwake jioni. Kwetu mwalimu akikosa, mkurugenzi, yaani mwalimu mkuu, anaandika ripoti, na ripoti inakwenda kulala ofisini. Hilo nalikubali. Lakini kuna jambo lingine watu hawalisemi: masista wana ruhusa ya kusema tumejaa. Viti vikiisha, lango linafungwa. Sisi hatuna neno hilo. Shule ya Serikali haijai. Mtoto aliyekosa nafasi kule anavuka barabara anakuja kwangu, aliyefukuzwa kwa kurudia darasa anakuja kwangu, aliyefika katikati ya mwaka na mkungu wa ndizi begani kutoka Yanonge anakuja kwangu, nami nawaambia wenzake wasogee kwenye benchi, na wao wanasogea mpaka wa mwisho anakaa kwa paja moja. Uzuri wa kule umesimama kwa sababu sisi tupo hapa kupokea. Nikiwaza hivyo hasira hunipanda hadi kwenye masikio. Mwaka jana mtoto mmoja waliyemkataa alimaliza darasa langu akiwa anasoma gazeti kwa sauti mbele ya baba yake asiyejua kusoma. Baba alilia. Nani aliandika hilo kwenye matokeo?

Halafu saa za shule zikiisha natoka na hasira yangu, na binti yangu anavuka kutoka ng'ambo, beji ya kitambaa yenye msalaba kifuani, ananiuliza swali la hesabu ambalo mimi mwenyewe sina budi kukaa chini nilifikirie.

Ile beji ndiyo tofauti pekee kwenye nguo. Watoto wote wa nchi hii wanavaa shati jeupe na bluu chini. Bila beji huwezi kujua nani ni wa wapi.

Mambo yaliharibika kwenye mkutano wa wazazi, mwanzoni mwa mwaka ambao binti yangu aliingia darasa la sita, mwaka wa mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Nilisimama kuwaeleza wazazi kwamba wasiwahamishe watoto kila wakisikia kuna nafasi kwa masista, kwamba mti unaohamishwa kila msimu hauzai. Niliongea vizuri, naweza kuongea. Mama mmoja anayeuza samaki wa kukausha, mtu wa Isangi kama mama yangu mzazi, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, tumesikia. Mais mutoto yako, yeye iko nasoma wapi?”

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Hakuwa amekusudia kunifedhehesha. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua soko ambako muuzaji mwenyewe hununua. Niligeuka nikamwona mkurugenzi wetu akitazama viatu vyake.

Kesho yake aliniita. Ni mzee mpole, anayekaribia kustaafu, huvaa koti hata jua linapochoma, na hajawahi kunipandishia sauti. Ingekuwa heri angenipandishia.

“Mama mwalimu, ile maulizo ya ule mama iko inaniumiza hapa,” alisema, akigusa kifua. “Kila mwaka, mu examen, shule yetu iko ya mwisho mu quartier. Mutoto yako iko na akili. Nipatie yeye mu sixième. Batu baone kama mwalimu anaamini shule yake.”

Nikamwambia mtoto hawezi kuhamishwa mwaka wa mtihani. Akaitikia kwa kichwa, kama aliyelitegemea jibu hilo.

“Bon. Haiko lazima. Mais unajua, kule njia ya Bafwasende, mu pori, balimu banakosekana. Bureau inaniombaka jina ya mutu. Mimi sipendi kuandika jina ya mutu, mama. Sipendi kabisa.” Akafunga kifungo cha koti. “Tuseme mupaka lundi ya kwanza nyuma ya congé ya Noël. Ile lundi nimuone mu ligne ya sixième.”

Jumatatu ya kwanza baada ya likizo ya Krismasi, kwenye mstari wa darasa la sita: ndivyo alivyonipangia. Nilitoka nikasimama chini ya bendera kama mtu aliyesahau njia ya darasa lake. Bafwasende si mwisho wa dunia. Malori yanakwenda na pikipiki zinakwenda. Lakini kutoka huko hakuna mwalimu anayerudi Jumamosi kusuka nywele za mtoto. Ningewaacha mume na binti, nikafundishe watoto ambao baba zao wako machimboni, na lini ningerudishwa mjini hakuna ambaye angeniambia.

Nilimweleza mume wangu jioni hiyohiyo, yeye akiwa anaziba tairi mlangoni. Nilimweleza yote, na sauti yangu ilikuwa juu kuliko nilivyodhani. Binti yetu alikuwa nyuma ya nyumba akiosha masufuria. Nakumbuka masufuria yalinyamaza kwa muda, kisha yakaanza tena. Sikulitilia maanani.

Nilikwenda kwa sista mkuu. Nilivuka barabara saa ya mapumziko, mbele ya macho ya wanafunzi wangu wote, nikakaa ofisini kwake penye harufu ya chokaa na sabuni. Nilimwuliza kwanza kuhusu mimi mwenyewe: kama nikivuka moja kwa moja, nikafundisha kwake?

“Karibu, mama. Tunasikia habari zako nzuri,” alisema. “Mais namba yako ya Serikali inabaki kule, kwenye poste yako. Hapa utaanza kama mupya, bila kulipwa, utangoja. Niko na balimu banangoja mupaka nywele zao zinakuwa nyeupe.”

“Na mutoto?”

“Mutoto hajafanya kosa. Anaweza kubaki mupaka mwisho.” Akaegemeza viwiko mezani. “Mais siku nitamuona mu ligne ya kule, nitajua mumechagua, na kiti yake nitapatia mwingine siku ileile. Iko mama moja wa Lubunga, anavukaka mto kila juma juu ya binti yake. Anakaa pale, ulipokaa weye. Nitamwambia nini?”

Ningekuwa huyo mama wa Lubunga, ningekaa kwenye kiti kile pia.

Basi nikabanwa. Sina neno lingine. Barabara ile unaivuka kabla hujamaliza kumeza mate, lakini mimi sikuweza kuivuka bila kupoteza kazi, na mtoto hakuweza kuivuka bila kupoteza kiti, na tukibaki kila mtu upande wake, mzee mpole angeandika jina la mtu. Nilikosa usingizi, nikakosa hamu ya kula. Darasani nilikuwa mkali bure. Wiki moja kabla ya likizo nilimpigisha magoti mtoto aliyejikuna mguu wakati wa bendera, eti hana heshima, na alikuwa ameumwa na mbu tu. Nilimchukia mkurugenzi, kisha nikamwona akiokota vipande vya chaki sakafuni ili tuvitumie tena, nikashindwa kumchukia. Nilimchukia sista, nikashindwa pia. Afadhali ningekuwa na adui.

Binti yangu hakuuliza kitu. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, Kilingala na wenzake, Kiswahili na sisi, Kifaransa akitaka kumshinda mtu. Wakati wa likizo alipunguza. Nilidhani ni ukubwa unaingia.

Jumapili ya mwisho ya likizo alikwenda kwa mama yangu mdogo kuchukua mawese. Mume wangu alikuwa nyuma ya nyumba ananyoosha ukingo wa gurudumu, analizungusha, analitazama, anakaza waya mmoja, analizungusha tena. Nikakaa kwenye kigoda mbele yake nikasema, “Nitaenda Bafwasende.”

Gurudumu liliendelea kuzunguka.

“Mtoto amalize pale alipo,” nikasema. “Kesho, bendera ikiisha, nitamwambia mkurugenzi aandike jina langu.”

“Unasema kweli?”

“Nasema kweli.”

Alilisimamisha gurudumu kwa kiganja. Mume wangu hulia kwa kufanya mzaha, nimemzoea. “Bon,” akasema. “Donc mi nitajifunza kupika lituma.” Lituma ni ndizi za kuchemsha zilizotwangwa, bila hiyo binti yetu hasemi kwamba amekula. Nilicheka, na baada ya wiki nyingi nilipumua mpaka chini. Ajabu ya kubanwa ni hiyo: ukishachagua mlango mbaya, hata huo unakuwa mlango. Tukakubaliana tusimwambie mtoto mpaka barua ya kazi itoke, ili asome kwa amani siku hizo chache.

Jumatatu tulitembea pamoja kama kawaida. Ukungu ulikuwa bado haujaondoka juu ya mto. Kila asubuhi tuliachana kwenye lango letu: mimi naingia, yeye anavuka kabla ya bendera kuanza. Siku hiyo alijivuta. Alifunga kamba ya kiatu ambayo naamini ilikuwa imefungwa. Nikamwambia, “Vuka, utakamatwa,” nikaingia kupanga mstari wa darasa langu.

Wimbo wetu ukaanza. Wakati wa bendera hata shingo haigeuki. Ndivyo nilivyowafundisha watoto, na ndivyo nilivyofanya. Niliitazama bendera ikipanda na kamba yake inayolia, nikayapanga kichwani maneno ya kumwambia mkurugenzi. Yalikuwa maneno mafupi. Nilikuwa karibu na furaha.

Wimbo ulipoisha nikageuka kumtafuta mkurugenzi, nikaona mstari wa darasa la sita. Mwishoni kabisa palikuwa na msichana mwenye nywele nilizosuka mimi jana yake. Beji haikuwepo. Shati lake lilikuwa limeshakuwa la njano kidogo kwa maji ya kisima, lakini kifuani, pale beji ilipokuwa, palibaki kipande cheupe kama siku tulipolinunua.

Nikaanza kwenda kwake. Neno moja tu lilikuwa mdomoni: kimbia. Lango la ng'ambo lilikuwa bado wazi. Mtoto mwepesi angefika. Nilipiga hatua ya kwanza, nikapiga ya pili, na ng'ambo ya barabara wimbo ukaanza.

Uwanja mzima ukasimama. Barabarani toleka zikasimama. Nami nikasimama, mguu mmoja mbele ya mwingine.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Hapakuwa na askari. Miguu ilikuwa yangu. Lakini nyuma yangu kulikuwa na darasa langu, na ndani yake yule mtoto niliyempigisha magoti kwa ajili ya mbu, na mbele yangu mkurugenzi ndani ya koti lake, akinitazama kwa uso wa shukrani. Na mwili wangu, uliofundishwa tangu utotoni kwamba bendera ikipanda mtu hatembei, haukuniuliza. Nilimwita binti yangu kwa macho. Hakunitazama. Alikuwa ameelekea kwenye bendera ya masista, mikono imenyooka ubavuni, anaimba pamoja nao, kwa sababu ule wimbo wao aliujua vizuri kuliko wetu, ijapokuwa ni mmoja.

Kule langoni sista alikuwa amesimama vilevile na yeye hawezi kusogea. Alikuwa ametuona. Tulikuwa watu watatu wazima, yeye na mkurugenzi na mimi, na mtoto katikati yetu, na hakuna aliyeweza kunyanyua hata kidole mpaka kitambaa kile kifike juu. Machozi yalinitoka nikiwa nimesimama wima. Watoto wa mbele walidhani ni mapenzi ya nchi.

Bendera ikafika. Sista alibaki kidogo akitutazama. Namshukuru kwa kile kidogo. Kisha akasukuma lango.

Mkurugenzi alikuja akanipa mkono mbele ya walimu wote. “Asante, mama. Umetuheshimu.” Nikarudi kwenye mstari wa darasa langu. Kabla ya saa sita nilimwona mwanamke amevuka kutoka kwa masista hadi kivuli cha upande wetu, viatu vyake mkononi vina tope la kivukoni, anajipangusa uso kwa kitenge na kucheka peke yake. Sikuhitaji kuambiwa ni wa wapi.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani, binti yangu alikuwa amerudishiwa mdomo wake. Alinieleza kwamba darasa la sita la kwetu wanakaa wanne kwenye benchi, kwamba mwalimu alikosea hesabu moja na yeye akanyamaza kwa adabu. Karibu na kibanda cha mkaa akasema:

“Mama, sasa Bafwasende hauendi tena?”

“Siendi.”

“Nilisikia ile siku. Nilikuwa naosha masufuria.” Akatembea mbele yangu, akirusha mfuko wake wa vitabu kutoka bega hili hadi lile. “Nilijua tu. Mi nikivuka, we unabaki.”

Mshika mawili moja humponyoka, wanasema. Sisi wawili kila mmoja aliachia lake ili mwenzake asiponyokwe na la kwake.

Mume wangu alikuwa amefunga kazi mapema. Tulimkuta uani, shati amelivua, kinu katikati ya miguu, anatwanga ndizi za kuchemsha kwa nguvu za mtu anayepasua kuni. Mabonge yalikuwa yamemrukia hadi kwenye ndevu. Binti yetu alishika tumbo kwa kucheka.

“Papa! Nani alikuambia upike?”

Aliinua macho. Alimtazama yeye kwanza, kifuani, pale palipokuwa peupe. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu, na mchi ukabaki hewani.

“Njaa tu, mama,” akamwambia binti yetu.

Akaendelea kutwanga. Binti yangu akamnyang'anya mchi ili amwonyeshe jinsi ya kufanya, nami nikaingia ndani kutafuta sahani.